Mke wa Benki

Sehemu ya Saba

Wiki jana tulimwacha Gladness kwenye fremu yake, chumba cha duka la ushonaji, pale mtaani Kikuyu, futi ya kupimia ikiwa shingoni, na mteja mgeni amenyoosha mikono apimwe kifua. Jirani wa saluni akapaza sauti kutoka barazani, "Mama Brightness, mwanao huyo anarudi." Mteja yule akaishusha mikono polepole, akasema neno moja tu: "Kumbe." Salamu tutapeana siku nyingine, msomaji. Twende palepale.

"Kumbe nini, dada?" Gladness aliuliza.

Mgeni alifungua mkoba, akatoa simu, akailaza juu ya cherehani na kuibonyeza. Ikatoka sauti ya mwanamke, nzito kidogo, sauti ya mtu anayeongea kupitia barakoa.

"Mimi ndiye Emilia, mke wa Stanley. Nyumba naijua, mkopo naujua. Baba Brightness amekubali, na mimi nimekubali."

Ikafuata sauti ya mwanamume, yenye kicheko ndani yake: "Brightness ndiye nani tena, mama?" Na mwanamume mwingine akadakia upesi: "Ni mtoto wetu huyo." Kisha rekodi ikakatika.

Gladness alishika ukingo wa meza. Alikuwa hajawahi kuisikia sauti yake mwenyewe ikimchongea namna ile.

"Emilia ni mimi," mgeni alisema. "Rekodi hiyo benki wameileta kwenye kesi. Nafundisha darasa la tatu, nakaa mtaa wa pili hapo nyuma ya kanisa. Mtoto wetu mkubwa anaitwa Elisha. Tangu nimzae, Stanley ni Baba Elisha, akiwa mzima, akiwa mgonjwa, hata tukigombana. Sasa nisaidie, dada. Huyu Baba Brightness ametokea wapi?"

Kwa aliyeingia safarini leo, aelewe hivi. Mwanamume akitaka kuweka rehani nyumba ya familia, lazima mkewe akubali mbele ya benki, kwa mdomo na kwa saini. Sheria nzuri kabisa. Lakini wajanja wakaitafutia njia ya panya: mwenye mke mbishi anakodi mke mpole. Huyo ndiye mke wa benki. Anavaa vizuri, anakaa pembeni ya mume wa kuazima, anasaini, anashuka ngazi, na ndoa inaishia hapo mlangoni.

Gladness aliwahi kuwa mke wa benki, mara moja tu, kipindi kile watu wanatembea na barakoa. Mumewe Abeli alikuwa hajatimiza mwaka kaburini. Cherehani iliyobeba simu ya Emilia ndiyo ilinunuliwa kwa ujira wa siku ile.

Na kosa lenyewe lilikuwa dogo, la kikwetu kabisa. Walimfundisha kila kitu: jina la mume, rangi ya geti, idadi ya vyumba. Walisahau kumfundisha ulimi. Mwanamke aliyelelewa vizuri hamwiti mumewe kwa jina kama anaita mbuzi, humwita kwa mtoto. Gladness alikuwa amemwita Abeli "Baba Brightness" miaka yote ya ndoa yao, na hofu ilipompanda pale benki, ulimi ukafuata njia uliyoizoea.

"Majina yanafanana, mwalimu," alisema. "Akina Brightness mji huu ni wengi."

"Ni wengi. Nimezunguka makanisa, nimezunguka shule. Wengine mama zao si wa hapa, lafudhi zinawakana. Nimebakiwa na wewe."

Pazia likafunuliwa. Brightness akaingia na begi lake, sketi ya shule imejaa vumbi la njiani. Alikuwa kidato cha pili, mrefu kama marehemu baba yake.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," Emilia alisema. "Jina lako nani?"

"Brightness."

"Na baba?"

"Alishafariki. Alikuwa anaitwa Abeli."

Emilia aliitikia kwa kichwa, kwa upole, kama mwalimu aliyepewa jibu alilokuwa analijua. Mtoto akapita chumba cha nyuma, walikokuwa wakiishi, kuweka begi. Gladness akabaki anaangalia mlango ule, na moyoni anasema, Mungu wangu, nimekwisha.

"Sikuja na polisi," Emilia akaendelea, sauti chini. "Nimekuja kuomba. Jumamosi dalali anakuja na spika yake kuinadi nyumba yangu. Nyumba ile nimeijenga kwa mshahara wa ualimu, tofali kwa tofali, huyo Stanley akiwa mjini anatamba na suti. Kesho saa tatu baraza la ardhi linasikiliza shauri kwa mara ya mwisho. Benki inasema mke alikubali. Mimi nasema sikukubali. Wananiuliza, kama si wewe, ni nani? Na mimi sina wa kumwonyesha."

"Mimi sijui unaongea nini, mwalimu."

"Nina watoto watatu. Kama si mdogo wangu Violeth, ambaye nakaa naye na ndiye ananishikia watoto nikihangaika na kesi hii, ningeshakuwa kichaa." Alichukua simu yake. "Siwezi kukulazimisha. Nakwambia tu saa. Saa tatu."

Alitoka bila kuaga. Kitambaa chake cha gauni alikiacha mezani, na Gladness hakujua kama amesahau au amekusudia.

Msomaji, usiwe mwepesi wa kumtupia jiwe. Jiweke pale. Kusema ni jela, na Brightness hana baba. Bibi yake yuko Buigiri, macho yameshaingia ukungu, hata moto wa jikoni anaupapasa. Gladness akiingia ndani, mtoto yule atalala wapi? Hilo ndilo lilikuwa swali, na lilikuwa peke yake. Mengine yote yalikuwa kelele.

Na bado lilikuwapo jingine la kumchoma. Mwezi uliopita alikwenda benki ileile kuomba mkopo. Shule moja ilikuwa tayari kumpa kazi ya kushona sare, naye alihitaji vyerehani viwili na mafundi wawili wa kumsaidia. Kiwanja alichoachiwa na Abeli kilikuwa na hati. Aliyempokea alikuwa Gerson, afisa mikopo, yule yule mwenye kicheko kwenye rekodi. Hakumtambua. Siku ya barakoa aliona macho tu.

Gerson aligeuza karatasi zake mbele na nyuma, akazirudisha. "Mama, biashara yako safi. Hati yako safi. Mji ndio si safi. Kila nyumba tunayoshika, anatokea mke mpya anasema hakusaini. Tumesimamisha."

"Sasa mimi nimekosa nini?"

"Hujakosa. Wanaokosa wengine, wewe unalipa."

Alirudi kwa miguu jua la saa saba, na njia nzima alikuwa anajiambia kwamba wanaokosa wengine ni yeye. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Alipofika fremuni alilia mpaka mteja akaghairi kuingia.

Basi jioni ile Emilia alipoondoka, kabla hata ugali haujaiva, gari likasimama nje. Akashuka Stanley. Alikuwa na kampuni ya usafi iliyokuwa ikipata kazi za ofisi za serikali kule Mtumba, zikamponyoka, lakini kola yake ilikuwa bado imenyooka. Tangu siku ya benki hawakuwahi kuonana.

"Mke wangu hajambo?" alitania.

"Mimi si mke wako. Umejuaje ninapokaa?"

"Nimejua pia kwamba mwalimu alikuwa hapa mchana, amekuchezea rekodi. Nina watu wangu."

Gladness alishangaa. Emilia alikuja peke yake na kuondoka peke yake. "Watu gani?"

"Hilo siyo lako. Lako ni dogo sana, nalo ni kukaa kimya. Kesho mimi nitatoa ushahidi, na nina jibu la huyo Baba Brightness. Jibu zuri. Hakuna atakayekutafuta tena."

"Na nyumba ya mwalimu?"

"Nyumba itauzwa, deni litakwisha, kila mtu ataanza upya." Aliegemea mlango. "Ukisema, Gladness, wa kwanza kuingia ndani ni wewe. Mimi nina wakili. Wewe una nani? Binti yako atapikiwa na nani?"

Brightness alikuwa ndani anaimba huku anaosha vyombo. Wote wawili waliisikia sauti yake. Stanley akatabasamu, akarudi garini.

Usiku ule, Gladness aligeuka kitandani kama chapati. Kilichomrudia siyo uso wa Stanley. Kilichomrudia ni yule mwanamke aliyemtafuta kwa kazi ile tangu mwanzo, ambaye walimwita Shangazi ingawa kwa sauti alikuwa bado kijana. Hakuwahi kuuona uso wake. Mambo yote yalikwenda kwa simu, na siku yenyewe Shangazi alikaa kiti cha mbele ndani ya gari, barakoa usoni, miwani ya jua, mtandio mpaka kwenye nyusi. Gladness alianza kulia nje ya benki, akasema hawezi. Shangazi alimgeukia, akampangusa chozi kwa kidole, akamwambia kwa upole wa ajabu, "Lia baadaye, mwanangu. Saini kwanza."

Akasaini. Na kulia akalia baadaye, kama alivyoagizwa.

Asubuhi alimfungia Brightness kiporo cha viazi, akamtengenezea kola. Mtoto akamwuliza kwa nini amevaa gauni la kanisani siku ya kazi.

"Naenda mahali."

"Utarudi kunifungulia?"

"Kwa nini nisirudi?" alisema, na akageuka haraka ili asionekane.

Alijiambia anakwenda kuona tu. Atakaa nyuma kabisa, atasikia, atarudi kwenye cherehani yake. Watu huwa tunajidanganya hivyo tukielekea tunakokuogopa.

Chumba cha baraza kilikuwa kidogo, feni inazunguka kivivu, madirisha yamefungwa kuzuia upepo wa vumbi. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, anaandika kila neno kwa mkono na kulitamka taratibu anapoliandika. Emilia alikaa mbele peke yake. Hakuwa na uwezo wa kulipa wakili. Upande wa pili walikaa Stanley, Gerson, na wakili wa benki aitwaye Nurdini, kijana mtanashati mwenye sauti ya kumbembeleza mtoto. Gladness akajibanza benchi la mwisho.

Gerson ndiye aliyeanza.

"Siku mama huyu alipokuja kuridhia, mlichukua alama ya kidole?" mwenyekiti alimwuliza.

"Hapana, Mheshimiwa. Mtandao ulikuwa chini."

"Mkaendelea?"

"Mwezi ulikuwa unaisha, Mheshimiwa, na tawi lilikuwa halijafikisha lengo."

"Barakoa hamkumvua?"

"Kipindi kile kuivua ilikuwa hairuhusiwi."

"Na sasa hivi mnakopesha kwa nyumba?"

"Tumesimamisha. Tukikopesha, nyumba inageuka kesi, kesi inakaa miaka, na ikikaribia kwisha anatokea mke. Makao makuu wamesema fedha zinunue hati fungani, yaani tuikopeshe serikali. Serikali haina mke wa kukodi."

Watu wachache walicheka. Mwenyekiti hakucheka. "Na fundi cherehani mwenye hati yake halali akija?"

"Tunampa pole."

Mwenyekiti alizungumza kwa mfano tu, hakumjua fundi yeyote. Lakini kule nyuma Gladness aliona kama ametajwa kwa jina, akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

Akaitwa Stanley. Aliapa, akashusha mikono tumboni, na uso wake ukavaa huzuni iliyompendeza.

"Shahidi," Nurdini alisema, "mama yule kwenye rekodi ni nani?"

"Ni mke wangu, Emilia. Huyu hapa."

"Anasema hajawahi kukuita Baba Brightness."

Stanley alivuta pumzi ndefu. "Sikutaka kulisema hili mbele za watu. Kabla ya Elisha tulipata mtoto wa kike. Alikufa. Tukamzika Buigiri. Huyo ndiye Brightness. Mke wangu akiwa na mawazo mengi, huniita kwa jina la yule marehemu. Mimi humwacha tu. Ni kidonda chetu."

Emilia alitoa mlio ambao Gladness hajawahi kuusikia ukitoka kwa mtu mzima. Haukuwa ukelele. Ulikuwa kama hewa inayotoka kwenye kitu kilichotobolewa.

"Mheshimiwa," Emilia alisema, amesimama, anayumba. "Mtoto tulipata. Kufa alikufa. Lakini hakuwa na jina. Alikufa kabla hajatolewa nje kupewa jina. Tulimzika bila jina, na mpaka leo nikimwomba Mungu namwambia, yule wako. Stanley anajua. Stanley, wewe unajua."

"Mama ana uchungu," Nurdini alisema taratibu. "Tunamwelewa. Je, kuna cheti chochote kinachosema mtoto hakuitwa Brightness?"

"Asiye na jina anapewa cheti gani?"

"Basi hakuna ushahidi." Wakili akamgeukia Stanley. "Shahidi, rudia polepole, Mheshimiwa aandike."

Stanley akarudia. Na mwenyekiti, kama ilivyokuwa kawaida yake, akawa anatamka huku kalamu inakwenda.

"Brightness... amekufa."

Kalamu ikasimama kidogo, ikaendelea.

"Brightness... amezikwa... Buigiri."

Abeli alizikwa Buigiri. Gladness alilijua kaburi lile, alilipalilia mwenyewe kila mwaka kabla ya mvua. Na sasa, akiwa macho, aliona pembeni yake kaburi la pili, dogo kidogo, lenye jina la mwanawe. Lilikuwa linaandikwa pale mezani kwa wino wa serikali, na yeye mama mzazi amekaa anatazama.

Mtu anaweza kuvumilia kuitwa mwizi. Anaweza kuvumilia njaa, na jela pia huvumiliwa. Lakini mwambie mama akae kimya wakati mwanawe anazikwa mdomoni mwa mtu.

"Hajafa," Gladness alisema.

Vichwa viligeuka. Alikuwa amesimama, na hakukumbuka kusimama.

"Mama, kaa chini," mwenyekiti alisema. "Utapewa nafasi kama una jambo."

"Nifutieni hilo kwanza, Mheshimiwa, ndipo nikae. Brightness hajafa. Ni mwanangu mimi. Sasa hivi yuko darasani, ana viazi kwenye begi. Naomba lifutwe."

Stanley alimtazama mara moja, kisha akaangalia sakafu.

"Wewe ni nani?" mwenyekiti aliuliza.

"Naitwa Gladness. Ni fundi cherehani. Kwenye rekodi ile ni mimi."

Nurdini alikuwa ameshanyanyuka. "Mheshimiwa, napinga. Huyu hayumo kwenye orodha ya mashahidi. Anaweza kuwa amepangwa na mdai."

"Inawezekana," mwenyekiti alijibu. Akavua miwani. "Mama, nakuonya. Unachotaka kusema kinaweza kukupeleka gerezani. Hulazimishwi."

Gladness aliona mlango. Ulikuwa wazi, karibu, na nje palikuwa na jua. Angeweza kusema samahani, nimechanganyikiwa, nimefiwa. Wangemhurumia. Angewahi hata kumfungulia mtoto.

Lakini jina lilikuwa bado limo kwenye karatasi.

Alimgeukia Gerson. "Kaka, mwezi uliopita nilikuja kwako kuomba mkopo wa vyerehani. Ukaniambia hati yangu safi, mji ndio si safi. Unanikumbuka?"

"Nakukumbuka, mama."

"Basi funga macho, usiangalie uso." Akaweka kiganja mdomoni, mahali pa barakoa. Na mwanamke yule wa rekodi akaongea ndani ya chumba kile, neno kwa neno. "Nyumba naijua, mkopo naujua. Baba Brightness amekubali, na mimi nimekubali." Akashusha kiganja. "Wewe ukacheka. Ukaniuliza, Brightness ndiye nani tena, mama. Leo nakujibu. Ni mwanangu, na baba yake ni marehemu Abeli. Stanley siyo mume wangu. Nimewahi kuwa naye kwa muda wa kusaini tu."

Gerson alifungua macho. Alimtazama wakili wa benki yake, akamtazama mwenyekiti, na akafanya kitu ambacho huenda kilimgharimu kazi.

"Ni yeye, Mheshimiwa. Ndiyo sauti."

Mwenyekiti alichukua kalamu. Akapiga mstari juu ya yale aliyoandika, taratibu, mara mbili. Gladness aliufuata mstari ule kwa macho mpaka ukaisha, ndipo akakaa.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Mnada wa Jumamosi ukasitishwa mpaka uamuzi utolewe. Askari aliyekuwa zamu akaambiwa amshike Stanley, na askari wa kike akaitwa kumshika Gladness, wote wapelekwe kituoni kutoa maelezo. Stanley alianza kupiga kelele kuhusu wakili wake. Nurdini alikuwa anakusanya mafaili yake, na akamkumbusha kwamba yeye ni wakili wa benki.

Barazani, chini ya kivuli cha ukuta, askari wa kike alifungua daftari lake. Hakuwa mkali.

"Una mtoto anayekutegemea?"

"Mmoja."

"Ndugu wa kumchukua leo?"

Gladness alifikiri. Alifikiri vijiji na mitaa, akapita kwa kila mtu aliyewahi kumjua. "Mama yangu yuko Buigiri. Haoni. Hapa mjini sina mtu."

"Jirani?"

"Jirani ana chumba kimoja na watoto wanne."

Askari alingoja, kalamu juu. Ujasiri wote wa Gladness ulikuwa umeishia kule ndani, na sasa kilichobaki ni mama anayejua kwamba saa tisa mtoto atasimama mbele ya fremu iliyofungwa.

"Andika mimi."

Alikuwa Emilia. Macho yamevimba, mtandio umeteleza. "Andika Emilia, mwalimu, Kikuyu. Binti atalala kwangu."

Gladness hakuweza kumtazama. "Mwalimu, mimi ndiye niliyekufanyia—"

"Najua ulichonifanyia. Sijakusamehe, usinielewe vibaya. Lakini nyumba ile umeiuza wewe, na umeirudisha wewe. Mwanao hawezi kulala nje nami nina vyumba." Akajifuta pua. "Atalala na Elisha na wenzake. Atakula wanachokula."

Hapo ndipo Gladness alipolia. Alilia kwa sauti, bila aibu, kama siku Abeli alipozikwa. Jela ikawa kitu chenye mwisho. Mwanawe alikuwa na kitanda. Askari alimwacha amalize, akamsindikiza hadi kwenye gari la polisi, akamketisha nyuma na kufunga mlango. Dirisha lilikuwa limeshushwa kidogo tu, upana wa vidole.

Emilia alimfuata mpaka pale. "Mimi nitachelewa, wananitaka ndani nisaini. Lakini usiwe na wasiwasi, mdogo wangu huyu hapa. Yeye ndiye atakayemfuata Brightness shuleni."

Mwanamke kijana alikuwa anavuka uwanja, hotipoti ya chakula mkononi, mkoba wa Emilia begani. Alikuwa na uso mzuri wa duara, uso ambao Gladness hakuwahi kuuona popote.

"Violeth, huyu ndiye Gladness. Mwanae tunakaa naye."

"Nimeshasikia yote, dada. Mji mzima umesikia." Violeth aliinama dirishani. Akaingiza kidole kwenye ule upenyo, akampangusa Gladness chozi shavuni, na akamwambia kwa upole wa ajabu, "Lia baadaye, mwanangu. Mtoto kwanza."

Sauti ile ilikuwa ya Shangazi.

Violeth alikuwa anamtazama machoni bila kupepesa. Hakuwa ameteleza ulimi. Alikuwa amekusudia asikike. Ndipo Gladness alipoelewa ni nani aliyempelekea Stanley habari za mchana ule, na ni nani aliyetoa rangi ya geti na idadi ya vyumba.

"Mwalimu," aliita, lakini dereva alikuwa ameshawasha injini, na mlio wake ukaimeza sauti. "Mwalimu, siyo huyo. Usimpe huyo."

Gari likaanza kusogea. Emilia aliona midomo inachezacheza nyuma ya kioo, akadhani anashukuru, akampungia mkono.

Kisha akamgeukia mdogo wake, akaanza kumwelekeza jina la shule.